Asiyekuwepo na Lake Halipo: Sacagawea, Mto Missouri na Filamu ya 1955

Wahenga walinena kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Msemo huu hutumika aghalabu katika mambo ya mgao, pale mtu anapokosa fungu lake kwa sababu hakuhudhuria wakati wa kugawa. Lakini uko mgao mwingine, nao ni mgao wa kumbukumbu. Katika mgao huu mtu huweza kuwepo tangu mwanzo hadi mwisho, akafanya kazi, akashuhudiwa na akaandikwa, kisha baada ya miaka 150 akaja mtunzi wa hadithi akamwondoa mtu huyo. Au, jambo ambalo ni zito zaidi, akambakisha mtu na kuiondoa kazi yake. Hayo ndiyo yaliyoufika msafara wa Meriwether Lewis na William Clark, uliopanda Mto Missouri kati ya mwaka 1804 na 1806 kutafuta njia ya kufikia Bahari ya Pasifiki, ulipotiwa katika filamu iitwayo The Far Horizons, yaani Upeo wa Mbali.

Filamu hiyo ilitolewa na kampuni ya Paramount mwaka 1955 chini ya uongozi wa Rudolph Maté. Fred MacMurray aliigiza nafasi ya Lewis. Charlton Heston, ambaye mwaka uliofuata alijulikana duniani kote kwa kuigiza nafasi ya Musa, alikuwa Clark. Nafasi ya Sacagawea, mwanamke wa kabila la Washoshone, alipewa Donna Reed, mwanamke mweupe mzaliwa wa Iowa, naye akapakwa rangi ya kuikoza ngozi yake kama ilivyokuwa desturi ya Hollywood siku hizo. Kisa chenyewe kilitokana na riwaya ya Della Gould Emmons iliyochapishwa mwaka 1943. Ilikuwa filamu ya rangi, ya kioo kipana, na mandhari yake yalipigwa katika milima ya Grand Teton, jimbo la Wyoming. Uzuri wa mahali pale hauna mshindani. Ila msafara wenyewe haukupita huko.

Kwa mujibu wa filamu, makapteni wote wawili wanampenda binti mmoja wa Virginia, Julia Hancock, na Clark ndiye anayekubaliwa. Wanaondoka na donda hilo baina yao. Huko mtoni Clark anampenda Sacagawea, Lewis anaghadhibika, na udugu wa makapteni unaingia ufa. Mwishoni Sacagawea anafikishwa Washington, anatambua kwamba pale si pake, na anarejea kwao. Hiyo ndiyo safari nzima: mapenzi na wivu, vikipambwa kwa mto, milima na mapigano.

Ni kweli kwamba Clark alimwoa Julia Hancock, na ndoa hiyo ilifungwa Januari 1808. Lakini msafara ulipoanza mwaka 1804, Julia alikuwa mtoto wa miaka 12. Naye Sacagawea, aliyekadiriwa kuwa na miaka kama 16, hakuwa mwanamwali anayesubiri kuposwa. Alikuwa mke wa mtu, na muda si mrefu akawa mama wa mtoto mchanga. Filamu ilimwondoa mtoto huyo, kwa kuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni hafai sana kwa aina ile ya mapenzi.

Ili kuelewa kilichopotea, yafaa kuurudia mto wenyewe. Mnamo Januari 1803 Rais Thomas Jefferson aliliandikia Bunge la nchi yake ujumbe wa siri akiomba dola 2,500 kwa ajili ya safari ya kuelekea magharibi. Miezi michache baadaye, tarehe 30 Aprili, mkataba ulitiwa saini ambao kwao Ufaransa iliiuzia Marekani eneo la Louisiana kwa dola milioni 15. Ilikuwa nchi ya zaidi ya kilomita za mraba milioni mbili, ikauzwa na dola moja na kununuliwa na nyingine, ilhali wenyeji walioishi humo hawakuulizwa. Tarehe 14 Mei 1804 msafara wa watu zaidi ya 40 uling'oa nanga karibu na St. Louis. Walikuwa na mashua kubwa yenye urefu wa futi 55 na vyombo viwili vidogo. Missouri ni mto wenye mkondo mkali na maji ya matope, yaliyojaa magogo yaliyozama. Kuupanda kulikuwa ni kupiga makasia na pondo kutwa, kutweka tanga pale upepo ulipokubali, na mara nyingi kushuka majini hadi kiunoni na kuivuta mashua kwa kamba.

Majira ya baridi ya kwanza waliyapitisha katika ngome waliyoijenga karibu na vijiji vya Wamandan na Wahidatsa, katika nchi ambayo leo ni Dakota ya Kaskazini. Hapo ndipo walipomwajiri Toussaint Charbonneau, mfanyabiashara Mfaransa wa Kanada aliyekuwa akiishi na Wahidatsa. Hawakumtaka kwa ujuzi wake mwenyewe peke yake. Walimtaka kwa sababu ya mkewe. Sacagawea alitekwa na Wahidatsa alipokuwa na umri wa miaka kama 12, katika uvamizi uliofanyika kwenye vyanzo vya Missouri, akachukuliwa mbali na kwao na hatimaye akaangukia mikononi mwa Charbonneau. Alizijua lugha mbili, ya kwao na ya waliomteka. Makapteni walikuwa wamesikia kwamba mto ukifika mwisho huwapo milima, na kwamba milima haivukiki bila farasi, na kwamba wenye farasi ni Washoshone. Basi bila ya ulimi wa kuongea na Washoshone hapangekuwa na farasi, na bila ya farasi hapangekuwa na safari.

Mtoto wake, Jean Baptiste, alizaliwa ngomeni tarehe 11 Februari 1805. Tarehe 7 Aprili msafara ulipoondoka, watu 33 ndani ya vyombo vinane, mtoto huyo alikuwa hajatimiza miezi miwili.

Tarehe 14 Mei ilitokea kadhia ambayo kila mtu wa baharini ataielewa. Dhoruba ya ghafla ilikipiga chombo kilichobeba nyaraka, vitabu, dawa na vyombo vya kupimia. Aliyeshika usukani ni Charbonneau, mtu asiyejua kuogelea, naye akashikwa na fadhaa. Chombo kikalala ubavu na kujaa maji. Pierre Cruzatte, baharia hodari, alimtishia kumpiga risasi asipokamata usukani. Makapteni walikuwa ng'ambo ya pili wakitazama, wasiweze kufanya lolote. Wakati huohuo Sacagawea, aliyekaa nyuma ya chombo, alikuwa akiviokota kimoja kimoja vitu vilivyokuwa vikielea. Siku mbili baadaye Lewis aliandika katika shajara yake kwamba mwanamke huyo alionyesha ushupavu sawa na wa mtu yeyote aliyekuwamo chomboni, na kwamba aliokoa sehemu kubwa ya vitu vyepesi vilivyochukuliwa na maji.

Baada ya kuyapita Maporomoko Makuu, ambako walilazimika kuburura mitumbwi na mizigo nchi kavu kwa takriban kilomita 29, walifika kwenye vyanzo vya mto. Tarehe 17 Agosti 1805 wakakutana na Washoshone. Kikao kilitandikwa, na Sacagawea akaitwa aje kukalimani. Alipomtazama vizuri chifu wao, Cameahwait, alimtambua kuwa ni ndugu yake. Aliinuka, akamkumbatia, akamfunika kwa blanketi lake huku akilia. Kisha akarudi kukaa na kuendelea na kazi, ingawa machozi yalimkatiza mara kwa mara.

Kazi hiyo ilikuwa hivi. Kapteni husema kwa Kiingereza. François Labiche, mmoja wa askari, huyageuza maneno kuwa Kifaransa. Charbonneau huyatoa katika Kifaransa na kuyatia katika Kihidatsa. Sacagawea huyapokea katika Kihidatsa na kumfikishia kaka yake kwa Kishoshone. Jibu la Cameahwait hurudi kwa njia ileile, hatua kwa hatua, mpaka lifike kwenye sikio la kapteni. Kila kauli ilipita katika lugha nne. Katika mnyororo huo Sacagawea peke yake ndiye aliyeunganisha Kihidatsa na Kishoshone, akiwa upande mmoja ana mume na upande wa pili ana ndugu. Farasi walipatikana.

Haikosi kusemwa kwamba mnyororo huo uliweza pia kukatika, na ulikatika. Siku chache baadaye Sacagawea alipata habari kwamba watu wa kaka yake, waliokuwa na njaa, wamekusudia kwenda kuwinda nyati badala ya kuwasaidia wageni kuuvuka mlima. Alimwambia mumewe. Charbonneau alikaa na habari hiyo tangu asubuhi hadi alasiri ndipo akaitaja mbele ya Lewis, kana kwamba ni jambo dogo. Lewis alighadhibika, akawaita machifu na kuwakumbusha ahadi yao, na kwa shida mpango ukageuzwa. Laiti neno lile lingekawia kidogo tu, msafara ungebaki chini ya mlima bila wa kuusaidia. Na yafaa pia kukumbuka kwamba mwanamke aliyelitoa neno hilo alikuwa akichagua baina ya njaa ya ndugu zake na ahadi waliyopewa wageni. Shajara haisemi lolote kuhusu uzito wa uchaguzi huo.

Ng'ambo ya milima, katika bonde la Mto Columbia, Kishoshone hakikueleweka, na msafara ukategemea lugha ya ishara. Hata hivyo, mwanamke huyo aliendelea kuwa na kauli bila ya kusema. Mnamo Oktoba 1805 Clark aliandika kwamba kuonekana kwake kuliwatuliza watu waliowaogopa, maana kikosi cha wanaume kinachofuatana na mwanamke ni dalili ya amani. Pale walipobahatika kukuta mateka wa Kishoshone katika kabila jingine, mnyororo ulirefushwa. Mnamo Mei 1806, katika baraza lao na watu wa Nez Perce, maneno yalipita katika lugha tano, na Lewis akaandika kwamba shughuli hiyo ilichukua karibu nusu ya siku.

Nusu ya siku! Filamu nzima haifiki saa mbili. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Sacagawea wa filamu anazungumza na Clark moja kwa moja, kwa Kiingereza, na kwa hiyo hahitajiki mtu baina yao. Mara tu kikwazo cha lugha kinapoondolewa, kazi ya tarjumani inakosa maana, na mwanamke aliyekuwa nguzo ya msafara anabaki bila shughuli. Lazima atafutiwe nyingine. Watunzi wakampa mbili: wakamfanya kiongozi wa njia, na wakamfanya mpenzi.

Hilo la uongozi wa njia halikuanzia kwenye filamu. Lilikwisha kuenezwa na riwaya ya Eva Emery Dye ya mwaka 1902. Katika shajara, sehemu alizoelekeza njia zinahesabika: alilitambua jabali lililofanana na kichwa cha mnyama wa mtoni mnamo Agosti 1805, jambo lililowapa wenzake moyo kwamba wako karibu na kwao, na Julai 1806, wakati wa kurudi, alimwonyesha Clark upenyo wa mlima uliofaa, naye Clark akamsifu kwa hilo. Kwingineko njia ilionyeshwa na wenyeji wengine, akiwemo mzee mmoja wa Kishoshone aliyewavusha milima. Kumkuza mtu kwa kazi asiyoifanya huonekana kama heshima, kumbe ni njia nyingine ya kuifunika ile aliyoifanya.

Wala si Sacagawea peke yake aliyedhulumiwa. Clark alikuwa na mtumwa wake, York, mtu mweusi aliyekuwa naye tangu utotoni. York alisafiri njia yote, alibeba bunduki, aliwinda, alipiga makasia kama wengine. Wenyeji wengi hawakuwa wamepata kumwona mtu wa rangi yake. Katika vijiji vya Waarikara, Oktoba 1804, watu walimzunguka kwa mshangao, naye akawafanyia mzaha kwamba alikuwa mnyama wa porini kabla bwana wake hajamkamata. Mzaha huo, ukiutafakari, una uchungu ndani yake. Tarehe 24 Novemba 1805, kwenye mlango wa Columbia, watu wa msafara waliulizwa mmoja mmoja wangependa kujenga wapi kambi ya baridi. Rai ya York iliandikwa. Ya Sacagawea pia iliandikwa: alitaka mahali penye mizizi mingi ya kula. Katika filamu York hayumo kabisa. Asiyekuwepo na lake halipo.

Haiwezi kutolewa hoja kwamba watunzi wa 1955 walikosa habari. Shajara za msafara zilikuwa zimechapishwa kwa ukamilifu na Reuben Gold Thwaites mwaka 1904 na 1905, nusu karne kabla yake. Yote yalikuwa kwenye maktaba: usukani, blanketi, farasi, mzizi wa kula, jina la York. Kilichokosekana ni mahali pa kuyaweka katika aina ile ya sinema. Filamu za makauboi zilikuwa na umbo lake: mwanamume shujaa, mwanamke wa kupendwa, na wenyeji wa kupigana nao. Mtu mweusi aliyetumikishwa na kapteni angelitia doa umbo hilo. Mama anayenyonyesha huku akifasiri angelipunguzia kasi. Mapigano, kwa upande mwingine, yaliongezwa, ilhali katika miezi 28 ya safari msafara uliua watu wawili tu, vijana wa Wapiegan, Julai 1806, wakati wa kurudi.

Kuna kipande kimoja cha shajara ambacho mtunzi yeyote angepaswa kukionea wivu. Mnamo Januari 1806 habari zilifika kambini kwamba nyangumi amekwama ufukweni. Clark alipanga kwenda na watu wachache. Sacagawea akaomba naye achukuliwe. Alisema kwamba amesafiri mbali sana pamoja nao ili ayaone maji makuu, na sasa kwa kuwa na samaki huyo mkubwa naye yupo, ni vigumu kukubali kwamba asiruhusiwe kuona kimojawapo. Akaruhusiwa. Mwanamke aliyefika umbali wa siku chache kutoka baharini baada ya kupita bara zima, na ikawa hajaiona bahari, hakuomba mapenzi wala sifa. Aliomba kuona. Na hata ombi hilo limetufikia kwa Kiingereza cha mtu mwingine, likiwa limepita kwanza katika vinywa vingine. Sauti yake mwenyewe haikupata kuandikwa.

Agosti 1806 msafara ulirudi kwenye vijiji vya Wamandan, na hapo hesabu zikafungwa. Charbonneau alilipwa dola 500 na senti 33. Yeye na askari walipewa baadaye ekari 320 za ardhi kila mmoja. Makapteni ekari 1,600 kila mmoja. Sacagawea hakulipwa kitu. York hakulipwa kitu. Clark mwenyewe liligusa moyo wake jambo hili, kwani siku chache baada ya kuagana alimwandikia Charbonneau kwamba mwanamke huyo alistahili malipo makubwa kuliko waliyoweza kumpa kwa kazi yake katika safari ndefu na ya hatari. Lakini kwa York hakuwa na upole huo. Barua alizomwandikia ndugu yake, zilizogunduliwa mwaka 1988, zinaonyesha kwamba York aliomba aruhusiwe kuwa karibu na mkewe huko Louisville, na kwamba Clark alichukizwa na maombi yake hata akampiga. Uhuru wake ulikawia miaka mingi.

Karani mmoja wa kituo cha biashara cha Fort Manuel aliandika tarehe 20 Desemba 1812 kwamba mke wa Charbonneau, mwanamke wa Kishoshone, amefariki kwa homa, akiacha binti mchanga. Jina hakulitaja. Clark aliwachukua watoto kuwa mlezi wao, na miaka kadhaa baadaye, alipoorodhesha waliokuwa wenzake safarini, alilitaja jina la Sacagawea na kando yake akaandika kwamba amekufa. Masimulizi ya mdomo ya Washoshone yana kauli nyingine: kwamba alirejea kwao, akaishi hadi uzee, akazikwa Wind River mwaka 1884.

Hata jina lake limo katika mzozo wa lugha. Wanaolitoa katika Kihidatsa husema maana yake ni Mwanamke Ndege, na hivyo ndivyo makapteni walivyoelezwa. Wanaolitoa katika Kishoshone, wakilitamka kwa J kama lilivyoandikwa katika kitabu cha 1814 na katika filamu, husema maana yake ni msukuma mashua. Tarjumani aliyekaa kati ya lugha mbili ameacha jina linalodaiwa na zote mbili.

Mwaka 2000 serikali ya Marekani ilitoa sarafu ya dola moja yenye sura yake, akiwa amembeba mgongoni mwanawe, yuleyule aliyetolewa kwenye filamu. Januari 2001 Rais Bill Clinton aliwapa Sacagawea na York cheo cha heshima cha sajini katika jeshi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki hiyo ilikuja imechelewa kwa karibu miaka 200, na ilikuja kwa njia ya sarafu kwa mwanamke ambaye, hesabu zilipofungwa kwenye ukingo wa Missouri, hakuhesabiwa hata dola moja.